Mkopo wa elimu ya juu: deni ambalo familia inapaswa kulijua kabla ya kulisaini

KILA mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, nyumba nyingi za Waislamu huingia katika furaha na mashaka kwa wakati mmoja. Kijana amefaulu, alhamdulillah, na chuo kimempokea. Lakini ada itatoka wapi? Baba ni mvuvi, au dereva wa bodaboda, au amestaafu. Mama anauza vitumbua na maandazi. Ndipo jina la Bodi ya Mikopo linapotajwa, na pamoja nalo maswali ambayo wazazi wetu huyauliza kwa sauti ya chini baada ya swala ya Ijumaa: Je, mkopo ule una riba? Mtoto asipopata kazi itakuwaje? Akifa, deni litamfuata nani?

Maswali hayo yanastahili majibu. Wapo vijana walioacha nafasi zao za chuo kwa sababu tu familia haikujua la kufanya, na wapo waliochukua mkopo bila kusoma hata ukurasa mmoja wa mkataba, wakashituka miaka kadhaa baadaye walipoona hati ya mshahara. Makundi yote mawili yameumia kwa kukosa elimu ya jambo moja: mkopo wa elimu ya juu ni deni kamili, lenye mkopeshaji, mkopaji, mdhamini na sheria.

Ulikotoka mkopo huu

Miaka ya mwanzo ya uhuru, mwanafunzi wa chuo kikuu Tanzania alisomeshwa na serikali. Baadaye ikaja sera ya kuchangia gharama, na kuanzia mwaka 1994 wanafunzi wakaanza kupewa fedha za kujikimu kwa njia ya mkopo. Wengi wa waliosoma wakati huo hawakuitambua tofauti. Waliona ni fedha za serikali na kwamba serikali haidai.

Mwaka 2004 Bunge lilipitisha Sheria Namba 9 iliyoanzisha Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, nayo ikaanza kazi Julai 2005. Bodi hiyo ilipewa majukumu mawili: kutoa mikopo mipya, na kukusanya madeni yote, yakiwemo yale ya tangu 1994. Ndiyo maana mwalimu mwenye mvi anaweza kudaiwa leo fedha alizokula akiwa kijana wa miaka 22.

Zanzibar nayo ina chombo chake, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, kilichoanzishwa kwa Sheria Namba 3 ya mwaka 2011. Familia ya Unguja au Pemba inapaswa kuhakikisha mapema kijana wao anaomba katika bodi ipi, kwa kuwa taratibu na mikataba ya bodi hizi mbili ni tofauti.

Je, mkopo huu una riba?

Hili ndilo swali la kwanza katika nyumba zetu, na jibu lake limebadilika kadiri miaka ilivyokwenda. Kwa muda mrefu mkopaji wa Tanzania Bara alitozwa asilimia 6 kwa mwaka juu ya deni lake, kwa jina la tozo ya kutunza thamani ya fedha. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba shilingi hupungua nguvu, na fedha zinazorudi zinapaswa kuweza kumsomesha mwanafunzi mwingine. Masheikh wengi hawakuridhika na hoja hiyo. Waliona kwamba ziada iliyoshurutishwa juu ya mkopo haitoki katika hukumu yake kwa kubadilishiwa jina. Wengine waliangalia dharura ya kijana asiye na njia nyingine ya kusoma.

Uzito wa tozo hiyo unaonekana kwa hesabu nyepesi. Chukua mhitimu mwenye deni la shilingi 9,600,000 na mshahara wa msingi wa shilingi 800,000. Makato ya asilimia 15 ni shilingi 120,000 kwa mwezi, yaani shilingi 1,440,000 kwa mwaka. Tozo ya asilimia 6 juu ya deni lile ni shilingi 576,000. Maana yake ni kwamba katika mwaka wa kwanza, kwenye kila shilingi 100 aliyokatwa, 40 zilikwenda kwenye tozo na 60 tu ndizo zilizopunguza deni.

Katika sherehe za Mei Mosi mwaka 2021 jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta tozo hiyo, na utekelezaji ukaanza Julai 1 mwaka huo. Mwaka huohuo adhabu ya asilimia 10 kwa wakopaji waliochelewa kuanza kulipa nayo ikaondolewa. Bila tozo, mhitimu wetu wa mfano atamaliza deni lake la msingi kwa miezi 80, yaani miaka sita na miezi minane.

Kilichobaki ni ada ya uendeshaji ya asilimia 1. Kuhusu ada za namna hii, Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa, katika kikao chake cha tatu kilichofanyika Amman, Jordan, mwaka 1986, liliruhusu mkopeshaji kutoza ada ya huduma ya mkopo kwa sharti kwamba isizidi gharama halisi za huduma hiyo. Kinachozidi hapo ni riba. Kwa hiyo anayetaka kujua hukumu ya mkopo wake asitegemee maneno ya kijiweni. Achukue mkataba wake, ausome kifungu kwa kifungu, kisha ampelekee sheikh anayemwamini na mkataba ukiwa mkononi. Sheikh hawezi kutoa jibu sahihi juu ya karatasi asiyoiona.

Ndugu zetu wa Kenya wana mtihani mzito zaidi katika jambo hili. Bodi yao, iliyoanzishwa mwaka 1995, humtoza mwanafunzi wa shahada ya kwanza riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na anayeacha kulipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 za Kenya kila mwezi. Mzazi wa Mombasa au Lamu asichukulie kwamba fatwa aliyoisikia Tanga inamhusu.

Majina yasiyolingana

Baada ya swali la riba huja kikwazo ambacho huwaangusha watoto wetu wengi kuliko riba yenyewe: vyeti. Maombi ya mkopo huhitaji cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA kwa waliozaliwa Bara, au na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii kwa waliozaliwa Zanzibar. Jina lililo katika cheti hicho linapaswa kulingana na jina lililo katika cheti cha kidato cha nne.

Hapa ndipo familia za Kiislamu huingia matatani. Mtoto amepewa jina Muhammad siku ya akika, madrasa anaitwa Mudi, mwalimu wa shule ya msingi akaandika Mohamedi, cheti cha kuzaliwa kikasema Mohamed. Binti ni Aisha katika karatasi moja na Asha katika nyingine. Jina la babu limeandikwa Abdallah hapa, Abdulla pale, na kwingine limeachwa kabisa likawekwa la ukoo. Kwetu sote ni jina lilelile. Kwa mfumo wa kompyuta, hao ni watu watatu.

Dawa yake ni mapema. Mzazi mwenye mtoto wa darasa la saba au kidato cha kwanza akae leo alinganishe vyeti vyote vya mtoto, herufi kwa herufi. Kosa lililo katika cheti cha kuzaliwa lipelekwe ofisi ya msajili kurekebishwa. Tofauti iliyo katika majina ya shule irekebishwe kabla mtoto hajasajiliwa kwa mtihani wa kidato cha nne, kwa sababu baada ya hapo njia inayobaki ni hati za kisheria na mawakili, mambo ambayo yana gharama na huchukua muda, ilhali dirisha la maombi halimsubiri mtu.

Baba aliyezikwa bila cheti

Kikwazo kingine kinatokana na jambo jema. Dini yetu imetuhimiza kuharakisha mazishi. Mtu akifa asubuhi, huswaliwa adhuhuri na kuzikwa. Watu hurudi nyumbani kwa dua na khitma. Katika vijiji vingi mambo huishia hapo. Hakuna anayekwenda kuandikisha kifo, kwa kuwa hakuna mirathi kubwa ya kugombea.

Miaka kumi baadaye mtoto wa marehemu anaomba mkopo. Yatima hupewa uzito katika kupima uhitaji, lakini uyatima unathibitishwa kwa cheti cha kifo kilichohakikiwa. Mtaa mzima unajua kwamba baba yake alikufa, imamu aliyemswalia yupo hai, kaburi lake linajulikana, karatasi haipo. Matokeo yake kijana huonekana kama mtoto mwenye baba aliyeacha kujaza sehemu yake ya fomu. Inawezekana kuandikisha kifo kilichopita, lakini ushahidi utatafutwa kwa shida na mashahidi nao huondoka duniani. Kuharakisha mazishi na kuandikisha kifo hakupingani. Jamaa mmoja wa familia apewe jukumu hilo ndani ya siku za matanga.

Lipo pia suala la wazazi waliotengana. Mama ametalikiwa, amelea watoto peke yake, na baba yuko mji mwingine na hapokei simu. Fomu inauliza habari za wazazi wote wawili. Katika hali hiyo mwombaji asibuni taarifa wala asimwandike baba aliye hai kuwa amefariki. Huo ni uongo mbele ya Mwenyezi Mungu, na ni kosa linaloweza kumharibia kila kitu likigunduliwa. Aeleze hali ilivyo na kutafuta uthibitisho wa serikali ya mtaa anakoishi. Vivyo hivyo kwa waliosomeshwa sekondari na taasisi za misaada au wafadhili: mwanafunzi aliyesoma shule ya kulipia huweza kudhaniwa kuwa mtoto wa tajiri, isipokuwa aambatanishe barua ya aliyemfadhili. Taasisi zetu zenye shule ziwe tayari kuandika barua hizo bila kumzungusha kijana.

Fedha zikishaingia

Mkopo una mafungu: ada ya mafunzo, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo. Si kila mwombaji hupata mafungu yote, wala kwa kiwango kamili. Mwanafunzi akipangiwa sehemu tu ya ada, sehemu inayobaki ni ya familia, na chuo kitaidai. Familia nyingi husikia kwamba mtoto amepata mkopo, zikastarehe, kisha Januari zikapigiwa simu kwamba anazuiwa kufanya mtihani. Siku ya kwanza muulizeni kijana: umepangiwa kiasi gani, na kinachobaki ni kiasi gani? Asiyeridhika na alichopangiwa anayo haki ya kukata rufaa dirisha la rufaa linapofunguliwa.

Fedha za kujikimu, ambazo wanafunzi huziita bumu, ndizo mtihani mkubwa wa kijana. Huingia kwa mkupuo, na wiki ile chuo huwa na shamrashamra za simu mpya na viatu vipya. Wiki ya sita baadhi yao hula mlo mmoja kwa siku. Mzazi amkumbushe mwanawe kwamba kila shilingi aliyoisainia ataikuta katika taarifa ya deni. Hata anayeacha masomo katikati hudaiwa kile alichokwishapokea.

Baada ya kuhitimu

Sheria humpa mhitimu miezi 24 kabla ya kutakiwa kuanza kurejesha. Akiajiriwa, mwajiri anawajibika kuijulisha Bodi ndani ya siku 28, kukata kila mwezi asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na kuziwasilisha fedha hizo. Kiwango hicho kilikuwa asilimia 8 hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 2016, na mabadiliko hayo yaliwagusa hata waliokuwa wamekwisha kuanza kulipa.

Aliyejiajiri, awe na duka, shamba au ofisi, naye anatakiwa alipe mwenyewe: asilimia 10 ya kipato chake kinachotozwa kodi au shilingi 100,000 kwa mwezi. Asiyekuwa na kazi kabisa asijifiche. Deni halifutwi kwa kubadilisha namba ya simu. Bodi imewahi kuchapisha magazetini majina ya wadaiwa sugu, na taarifa za asiyelipa huweza kupelekwa kwenye taasisi zinazotunza kumbukumbu za wakopaji, jambo linaloweza kumfungia njia ya mikopo mingine. Mdhamini aliyesaini, ambaye mara nyingi ni mjomba au jirani aliyefanya hisani, naye huweza kusumbuliwa. Bora aandike barua, aeleze hali yake, na alipe hata kidogo anachokipata.

Wapo dada zetu waliohitimu, wakaolewa na kubaki nyumbani kulea. Je, deni lao ni la nani? Kwa mujibu wa dini, deni la mke ni lake; mume hawajibiki nalo, ingawa akimsaidia ni wema wenye malipo makubwa. Kwa hiyo ni haki na ni busara jambo hili lizungumzwe wakati wa posa, kama yanavyozungumzwa mahari na makazi. Ndoa kadhaa zimepata mtikisiko kwa deni lililogunduliwa baada ya harusi, upande wa mke au wa mume.

Makato yasiyofika na makato yasiyokoma

Malalamiko mawili husikika sana kwa walioajiriwa. La kwanza ni la mtu aliyekatwa mwaka mzima, lakini akiangalia taarifa ya Bodi hakuna kilichoingia, kwa sababu mwajiri hakuwasilisha. La pili ni la mtu aliyemaliza deni na makato yakaendelea.

Katika yote mawili silaha ya mfanyakazi ni karatasi. Tunza kila hati ya mshahara. Omba taarifa ya deni angalau mara moja kwa mwaka, uilinganishe na makato yako mwezi kwa mwezi. Deni linapokaribia kwisha, andika kwa mwajiri na kwa Bodi mapema, na likiisha omba cheti cha kumaliza deni. Aliyekatwa zaidi adai kurejeshewa kwa maandishi, siyo kwa kulalamika kantini. Tukumbuke kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul-Baqara, inahusu kuandika madeni. Waislamu tulitakiwa tuwe wa mbele katika jambo hili.

Lipo tatizo la tatu, nalo ni chungu zaidi. Mwalimu kijana akishakatwa asilimia 15, kodi na michango ya hifadhi, kinachobaki hakitoshi nauli, kodi ya nyumba na kumtumia mama. Hapo hukutana na wakopeshaji wa mitaani, wale ambao watu wamewapa jina la kausha damu. Anatoka katika deni la serikali lililokwisha kuondolewa tozo na kuingia katika riba ya wazi inayopanda kila wiki, huku kadi yake ya benki ikishikwa na mkopeshaji. Familia isiyomruhusu kijana wake kuomba mkopo wa chuo kwa kuogopa riba, kisha ikamtwisha michango ya harusi na misiba isiyolingana na mshahara wake, imefunga dirisha na kuacha mlango wazi.

Mdaiwa akifariki

Tunajua kutokana na hadithi iliyopokelewa na Bukhari kwamba Mtume (s.a.w.) aliletewa jeneza la mtu aliyeacha deni la dinari tatu bila ya kuacha kitu cha kulilipia. Aliwaambia Maswahaba wamswalie mwenzao, na hakumswalia mwenyewe mpaka Abu Qatada alipobeba dhima ya deni hilo. Na katika Suratun-Nisaa mgawanyo wa mirathi umewekwa baada ya kutimiza wasia na kulipa deni.

Kwa hiyo mhitimu anayedaiwa aandike deni lake katika wasia, ataje kiasi na mahali karatasi zilipo. Akifariki, warithi wapeleke cheti cha kifo kwenye Bodi na kuomba maelezo ya maandishi juu ya hatima ya deni kabla ya kugawana mali. Wasidhani limekufa naye, wala wasidhani watafungwa kwa ajili yake. Waulize na wajibiwe kwa maandishi.

Walioelemewa nao wasisahauliwe. Wadaiwa wametajwa miongoni mwa mafungu manane ya wanaostahiki zaka katika aya ya 60 ya Suratut-Tawba. Kijana aliyehitimu, hana kazi, na anadaiwa deni alilolichukua kwa jambo la halali, hali yake inastahili kuangaliwa na kamati za zaka kwa kufuata masharti ya fiqhi. Aya ya 280 ya Suratul-Baqara nayo inamwelekeza mdai kumpa muda aliye katika dhiki, na kwamba kusamehe ni bora zaidi. Haki hiyo tuwape na vijana wanaotudai sisi wenyewe hadhi isiyo ya mifuko yao.

Linalowezekana kuanzia Ijumaa hii

Misikiti yetu ina walimu, mahakimu wastaafu, wahasibu na wanachuo. Kamati ya msikiti inaweza kutenga siku mbili kabla ya dirisha la maombi ili wenye ujuzi wawakagulie watoto vyeti vyao na kuwasaidia kujaza fomu. Daftari la misiba la msikiti linaweza kuongezwa safu moja: je, kifo kimeandikishwa? Wazee wanaweza kupunguza michango wanayomtwisha mwajiriwa mpya mpaka atengemae.

Na kijana uliyekwisha kukopa, tafuta taarifa ya deni lako wiki hii. Ijue namba kamili, hata kama inatisha. Weka nia ya kulipa, kwani anayechukua mali ya watu kwa nia ya kuirejesha ameahidiwa msaada wa Mola wake. Fedha uliyosomea jana ndiyo anayoisubiri leo mtoto wa mvuvi mwenzako. Mwenyezi Mungu atuepushe na uzito wa deni, na atupe wepesi wa kulilipa.